Wasiokula Nyama Hupata Wapi Nguvu?



Liko neno lisemwalo sana katika skimu zetu, na hata watu waliosoma hulisema: kwamba asiyekula nyama hana nguvu, na kwamba watoto wetu wakikonda ni kwa sababu nyama ni ghali. Kwa neno hilo baba hungoja siku ya malipo ya maziwa, akanunua nusu kilo ya nyama, nyumba nzima ikafurahi jioni moja, kisha ikarudi kwenye ugali na sukuma wiki mpaka malipo mengine. Mimi nasema neno hilo si kweli. Tena nasema limetuletea hasara, kwa maana humfanya mkulima auze debe la chakula kizuri alicholima mwenyewe ili anunue kipande kidogo cha kile ambacho hakulima.

Ili tulipime neno hilo, tuwatazame jamaa ambao wengi wao hawagusi nyama tangu kuzaliwa mpaka kufa. Nao si wageni kwetu. Wahindi walianza kuletwa kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Wengi wa mafundi na vibarua hao walirudi kwao, lakini wengine walibaki, na wenye maduka wakaifuata reli mpaka huku bara. Mhindi wa dini ya Jaini, kama wale Waoshwali wa Nairobi na Thika, kwa desturi yao hawali nyama, wala samaki, wala mayai. Wako hata wasiokula viazi na vitunguu, kwa kuwa vitu hivyo hung'olewa katika ardhi. Mbona basi watoto wao wanakua, wanasoma na kucheza kriketi kama watoto wengine?

Lakini niondoe kosa moja mapema. Si kila Mhindi asiyekula nyama. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2021 na shirika la Pew la Marekani ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa India, 39 hujiita watu wasiokula nyama. Waliobaki hula, ingawa wengi huiacha siku fulani za juma. Hata hivyo, hao 39 katika 100 wa nchi kubwa namna ile ni wengi mara kadhaa kuliko watu wote wa Kenya, na hatuwezi kusema kwamba wote ni wagonjwa.

Aliyesafiri barabara ya Mombasa anajua hekalu la Wasikh pale Makindu. Lilijengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote, awe wa dini gani, huvua viatu, akafunika kichwa, akapewa chakula bure. Hapana nyama pale. Kuna chapati, wali, mboga, dengu za mchuzi na chai ya maziwa. Madereva wa malori hula pale, nami sijasikia dereva aliyeshindwa kufika Mombasa kwa sababu ya chakula kile.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika chuo cha walimu tulifundishwa kuwaambia watoto kwamba chakula ni cha namna tatu: cha kuutia mwili nguvu, cha kuulinda na cha kuujenga. Cha kuujenga ndicho chenye protini. Kwa protini mwili hutengeneza misuli, damu, ngozi na nywele, huziba vidonda, na mtoto hurefuka. Akiikosa kwa muda mrefu hudumaa. Wako pia wanaopatwa na ule ugonjwa mbaya ambao miguu huvimba, nywele hugeuka rangi kuwa nyekundu, na mtoto hana hamu ya kula wala kucheza. Daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, kisha akatumia jina la wenyeji wa pale, kwashiorkor, maana yake ugonjwa umpatao mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Waganga wa leo husema kwamba upungufu wa protini si sababu pekee ya ugonjwa ule, kwani kuhara na maradhi mengine huchangia. Lakini jina lenyewe lasema kweli: mtoto ameondolewa kwenye ziwa la mama, akapewa uji mtupu.

Mtu mzima anahitaji protini kiasi gani? Shirika la Afya Duniani limepima gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, atahitaji gramu 50. Mama mwenye mimba na mama anyonyeshaye huhitaji zaidi ya hapo. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hutosheka na gramu 13 hivi, kiasi kidogo sana, na ndiyo sababu naona ni aibu tukikikosa.

Chukua sasa gorogoro moja ya ndengu, hizo ambazo watu wa pwani huziita pojo na wa Tanzania choroko. Ni kilo 2. Katika kila gramu 100 za ndengu kavu mna gramu 24 hivi za protini, kwa hiyo gorogoro nzima ina gramu 480. Kilo 2 za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa zina gramu 400 hivi. Najua utaniambia kwamba tumbo halizimeng'enyi ndengu vizuri kama nyama, na hiyo ni kweli. Basi toa sehemu moja katika tano, bado mizani inakaa karibu sawa. Kisha nenda sokoni uulize bei ya gorogoro ya ndengu na bei ya kilo 2 za nyama. Sitaandika bei hapa kwa sababu hubadilika kila msimu, lakini wewe wajua ni ipi inayokunja uso.

Maharagwe, kunde, mbaazi na kamande hayako mbali na ndengu: ni gramu 21 mpaka 25 katika kila 100. Njugu karanga vilevile. Soya hupita zote kwa gramu 36. Yai moja lina gramu 6, na kikombe cha robo lita ya maziwa gramu 8. Unga wa mahindi una gramu 8 katika 100, mchele 7, ngano isiyokobolewa 12, na muhogo mbichi haufiki 2.

Labda umefanya hesabu haraka ukasema, "Mimi hula unga wa mahindi gramu 500 kwa siku, hizo ni gramu 40 za protini, basi nimekaribia." Umekaribia kwa hesabu, si kwa mwili. Protini ni kama nyumba iliyojengwa kwa matofali ya namna nyingi, na namna mojawapo huitwa laisini. Mahindi, mchele na ngano yana laisini kidogo. Fundi akikosa namna moja ya tofali, ukuta husimama pale pale, hata kama namna nyingine zimejaa uwanjani. Maharagwe, ndengu na wenzake yana laisini nyingi, ila hupungukiwa na tofali jingine liitwalo methionini, ambalo nafaka inalo. Kimoja hukopesha kingine. Wala si lazima uvile katika sahani moja. Ukivila vyote katika siku hiyo hiyo, mwili utavikutanisha wenyewe.

Hili ndilo Wahindi walilolishika karne nyingi kabla ya mtu kulijua jina la laisini. Mpunjabi hula chapati na dengu. Mbengali hula wali na dengu. Huko Kusini huloweka mchele pamoja na aina ya ndengu nyeusi, wakasaga, wakaacha uchachuke usiku, wakapika mikate laini ya mvuke iitwayo idli. Wote hupika mchele na ndengu katika sufuria moja ukawa laini, wakauita khichdi, na mtu wa Lamu au Mombasa akiuona atasema huu ni mseto. Katika jimbo la Karnataka wakulima hula bonge la ugali wa wimbi na mchuzi wa dengu. Wimbi lile, tena, asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika ya Mashariki. Lilivuka bahari zamani sana. Kunde na fiwi, ambazo wengine huziita njahi, zilitoka Afrika pia zikaenda India. Mbaazi ndizo zilizokuja kwa njia ya kinyume. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nafundisha chakula cha kigeni. Githeri ni ndugu yake khichdi, ila hicho chetu kina jasho zaidi kwa meno.

Jambo la pili walilolishika ni maziwa. Mhindi asiyekula nyama kwa kawaida hakatai maziwa. Huyanywa, huyagandisha yakawa maziwa lala, huyafanya samli, huyatia katika chai. Maziwa hujaza pengo ambalo nafaka na kunde huliacha, nayo yana vitamini ya B12, ambayo haimo katika mimea. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa hapana budi aipate kwa dawa au kwa chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Jambo hili si la mzaha, kwani kuikosa huharibu damu na mishipa ya fahamu.

Miaka ya 1920 daktari mmoja wa serikali, Robert McCarrison, alifanya jaribio huko Coonoor, kusini mwa India. Alichukua panya, akawalisha makundi yao vyakula vya watu wa sehemu mbalimbali za nchi ile. Waliolishwa kama Wasikh wa kaskazini, yaani chapati za ngano isiyokobolewa, maziwa, siagi, dengu, mboga mbichi na nyama kidogo sana mara moja kwa juma, walinawiri kuliko wote. Waliolishwa kama maskini wa Kusini, wali mweupe mwingi na vingine vichache, walikuwa dhaifu. Panya si mtu, nakubali. Lakini tazama kwamba wote walilishwa "chakula cha Kihindi". Jina la chakula halikuwasaidia. Kilichosaidia ni yaliyomo katika sahani.

Na hapa ndipo nataka usiniamini nusu tu. India yenyewe haijashinda vita hivi. Uchunguzi wa afya za jamaa uliofanywa na serikali yao miaka ya 2019 hadi 2021 ulikuta kwamba watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na wanawake 57 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Kwetu Kenya uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta waliodumaa ni 18 katika kila 100. Imekuwaje, nchi yenye mlo mzuri namna hiyo? Kwanza maskini wengi hawapati huo mlo. Hupata wali au chapati nyingi, na dengu zilizotiwa maji mpaka punje zahesabika. Pili, tangu miaka ya 1960 India ilitia nguvu katika mbegu mpya za ngano na mpunga, na njaa kubwa ikakimbizwa, jambo la kushukuru. Lakini mashamba mazuri yalichukuliwa na nafaka, dengu zikasukumwa kwenye ardhi mbaya, na kiasi cha dengu kwa kila mtu kikapungua karibu nusu kufikia mwaka 2010.

Mkulima wa skimu, je, hadithi hiyo huitambui? Pita katika mashamba yetu uone mahindi kutoka kwenye ua mpaka kwenye mlango wa jikoni. Tulipewa ekari ili tuwe na chakula na fedha. Tumeyageuza yawe ekari za gunia la aina moja. Wengine wamepanda miwa au chai mpaka hapana nafasi ya kuchimba shimo la mbaazi, kisha ndengu hununuliwa kwa kipimo cha kikombe.

Wataalamu wa India wameliona kosa lao. Taasisi yao ya lishe iliyoko Hyderabad, ambayo ndiyo ile ile iliyoanzia Coonoor mwaka 1918, ilitoa mwongozo mwaka 2024 kwamba nafaka zisizidi sehemu 45 katika 100 za nguvu anayopata mtu kwa chakula. Sahani yao ya siku nzima, kwa mtu asiye na kazi nzito sana, ina nafaka gramu 250, dengu na jamii yake gramu 85, maziwa mililita 300, mboga gramu 400, matunda gramu 100, na karanga au kokwa kidogo. Piga hesabu ya protini utaona imepita gramu 50 bila kipande cha nyama. Sisi tunaoshika jembe tutaongeza nafaka, si vibaya. Gramu 85 za ndengu kavu ni konzi mbili hivi. Zikipikwa hujaa bakuli.

Sasa nifike mahali ambapo huenda wengine wakanikasirikia. Maziwa. Katika kazi yangu ya ukarani napitisha karatasi nyingi za mifugo na mazao, nazo zina mistari ya lita zilizouzwa, lita zilizokataliwa, deni la chakula cha ng'ombe, deni la dawa. Sijaona mstari wa lita zilizonywewa nyumbani. Kisichoandikwa huonekana kama hakipo. Zamani katika nyumba nyingi maziwa ya asubuhi yalikwenda kwenye chama na ya jioni yalibaki kwa mama na watoto. Siku hizi yako matangi ya kupoza, na gari hubeba hata ya jioni. Fedha huingia mfukoni mwa baba kwa njia ya benki au simu, na mama huambiwa apike kilichopo.

Kuuza maziwa si kosa. Wakulima wa Anand, katika jimbo la Gujarat, walianzisha chama chao mwaka 1946, wengi wao wakiwa na nyati mmoja au wawili wa maziwa, na kwa mfano wao India ikawa nchi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa mwaka 1998. Ninalolikataa ni kuuza yote. Lita moja tu ikibaki nyumbani kila siku ina gramu 32 za protini, yaani watoto wawili wadogo wamepata yote wanayohitaji kwa siku, na akiba kidogo imebaki kwa chai ya mama. Utasema, "Karo je? Na deni la shamba?" Nakubali kwamba deni halingoji. Lakini tazama fedha ya lita ile inakwenda wapi. Mara nyingi hurudi kama mkate mweupe, sukari na soda. Umempa mwenye gari gramu 32 za protini, naye dukani amekurudishia chache. Hiyo ni biashara ambayo mtoto wa darasa la nne angeikataa ukimwandikia ubaoni.

Na katika siku za mvua, barabara ikiwa tope na gari halikufika, usiyamwage wala usiwape mbwa. Fanya kama Wahindi wafanyavyo paniri. Chemsha maziwa, yakifoka yaondoe motoni, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yakatike, mabonge meupe yaelee na maji yawe ya kijani hafifu. Yachuje katika kitambaa safi, suuza kwa maji baridi safi kuondoa ukali wa ndimu, kunja kitambaa, weka jiwe zito juu yake kwa saa moja au mbili. Lita 5 hutoa zaidi ya nusu kilo ya kitu kigumu kama jibini, kisicho na chumvi, ambacho hukatwa vipande na kupikwa na nyanya, mchicha au njegere. Kile siku hiyo au kesho yake. Maji yaliyobaki yapikie uji, au wape kuku.

Upishi wa dengu nao una akili ya kuni. Wahindi wengi hawapiki punje nzima; huzipasua na kuondoa maganda, na ndengu iliyopasuliwa huiva kwa nusu saa hivi, wakati maharagwe makavu hula kuni za saa tatu. Kwenye jiwe la kusagia unaweza kuzipasua mwenyewe kisha ukapepeta. Ukipika nzima, ziloweke usiku kucha na umwage maji yale. Zikiiva, tia manjano na chumvi. Kisha katika kikaango kidogo pasha mafuta kijiko kimoja au viwili, tia bizari nyembamba, kitunguu saumu na nyanya, na vikinukia mimina juu ya dengu. Hapo ndipo harufu ile inayopita dirishani mwa Mhindi inapotoka. Si mafuta mengi yanayoleta utamu, ni mafuta kidogo yaliyopata moto pamoja na viungo.

Naonya juu ya mafuta kwa sababu sisi tumezoea kuchukua upande mmoja wa jambo. Chapati ya kila siku ya Mhindi ni unga wa ngano isiyokobolewa na maji, huchomwa kikavu. Yetu ni unga mweupe, na hukaangwa mpaka vidole vinang'aa. Wala Wahindi si wa kuigwa katika kila kitu. Uchunguzi wa nchi yao uliotolewa mwaka 2023 ulihesabu watu milioni 101 wenye ugonjwa wa kisukari. Peremende zao za maziwa na sukari, vitafunio vya kukaangwa na wali mweupe mwingi vina sehemu katika hayo, hasa kwa mtu aketiye dukani kutwa. Sambusa ya jioni haimwokoi mtu kwa sababu tu ndani yake mna njegere.

Akina mama, nisaidieni katika hili la mtoto mdogo. Huko India waganga hulalamika kwamba mama humnywesha mtoto yale maji ya juu ya dengu, akidhani nguvu imo mchuzini. Hata kwetu huwa ni hivyo: wakubwa hutafuna maharagwe, mtoto hupewa supu yake na ugali. Protini imebaki chini pamoja na punje. Mtoto akifika miezi sita, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili, mpondee punje zenyewe ziwe nzito, kijiko kikiinamishwa zisikimbie. Ongeza maziwa au yai lililoiva kama lipo. Kama anapata gesi, tumia ndengu zilizoondolewa maganda, hazisumbui sana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo asiyekula nyama hapaswi kulisahau, nalo ni chuma cha damu. Dengu na mboga za majani zinacho, lakini mwili hukichukua kwa shida. Ndimu, machungwa, nyanya au pilipili hoho vikiliwa pamoja na dengu hukifungulia mlango; majani ya chai huufunga. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kushushia chakula kwa kikombe cha chai yafaa isogezwe saa moja mbele au nyuma. Ndengu zilizoloweshwa, zikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku moja au mbili mpaka zichipue, ni bora zaidi katika jambo hili, tena huiva upesi.

Mimi sikatazi nyama. Ukichinja kuku, kula kwa furaha. Nyama kidogo katika sufuria ya maharagwe ni jambo jema, na damu ya mtoto hufaidika. Ninalopinga ni kuingojea nyama kana kwamba bila hiyo hapana chakula.

Bado liko jambo la kupanda, nalo ndilo la ofisi yetu zaidi. Mbaazi huweza kupandwa katikati ya mistari ya mahindi mwanzo wa mvua. Hukua polepole mahindi yakiwa shambani, kisha hutawala uwanja mahindi yakivunwa. Majani yake huanguka na kurutubisha ardhi, mizizi yake hutengeneza nitrojeni, na miti yake ni kuni. Usiilime kwa soko peke yake. Mwaka 2017 serikali ya India ilipowekea mpaka mbaazi kutoka nje, bei ilianguka vibaya huko Tanzania, Malawi na Msumbiji, na wakulima waliolima kwa meli tu walibaki na magunia. Aliyejua kuzipika alikuwa na mnunuzi mmoja asiyeshindwa, yaani sufuria yake.

Ndengu hupenda joto na mvua chache, nazo hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu, hivyo zinafaa skimu za nchi kavu na za mabonde. Walio kwenye baridi kama ya Kinangop wasihangaike nazo. Njegere na maharagwe yatawafaa. Usichanganye mbegu ya mwaka juzi iliyotobolewa na fukusi na mbegu safi, na usianike njugu karanga juu ya udongo, kwa sababu ukungu wake una sumu. Kipande cha robo ekari kinatosha kwa kuanza, na kama mahindi yamejaa mpaka mlangoni, anzeni na mistari mitano iliyo karibu na jikoni. Wanaotaka mbegu waulize katika ofisi ya kilimo ya wadi mapema kabla ya mvua, na waje na wake zao, kwa maana ndio watakaochagua ni aina ipi inayoiva upesi motoni.